Ukubwa na Mwelekeo wa Hazina za Vifurushi vya Programu: Somo kwa Wanaohesabu Takwimu za Wagonjwa

Mvulana wa miezi 12 mwenye kilo 7.5 ana uzito pungufu kwa umri wake. Ndivyo yasemavyo majedwali ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo kwa mvulana wa umri huo huweka mpaka wa alama −2 kwenye kilo 7.7 na mpaka wa alama −3 kwenye kilo 6.9. Muuguzi wa kliniki hulitambua jambo hilo kwa kuweka nukta moja kwenye kadi ya mtoto. Taarifa ya wilaya nzima, yenye watoto maelfu, haitengenezwi kwa nukta. Huhesabiwa na kompyuta, nayo kompyuta huhesabu kwa kifurushi cha programu ambacho mtu mmoja alikiandika na kukiweka mahali, na mwingine akakichukua hapo bila kumjua mwandishi wake. Somo hili linahusu mahali hapo, yaani hazina za vifurushi: jinsi zinavyotofautiana kwa ukubwa, kwa mwelekeo na kwa ulinzi, na namna tofauti hizo zinavyomfikia mtoto aliyepandishwa kwenye mizani.

Kifurushi kinachozungumziwa hapa si kile cha muda wa maongezi na intaneti kinachonunuliwa kwa simu. Ni mkusanyiko wa maagizo ya kompyuta yaliyofungwa pamoja ili yafanye kazi fulani: kuhesabu alama za ukuaji, kuchora mchoro wa vifo na uhai wa wagonjwa wa saratani, kusoma picha za mionzi, kulinganisha vinasaba vya virusi. Vifurushi huwekwa katika hazina za pamoja, na mtumiaji huvivuta kwa amri moja. Vilivyo vingi ni vya bure. Wepesi huo umewafungulia njia watafiti wa nchi ambazo vyuo vyake haviwezi kulipia leseni za programu za kibiashara. Wepesi huohuo ndio uletao maswali ya somo hili.

Namba na kinachohesabiwa

Zikipangwa kwa ukubwa, hazina zinazojulikana zaidi hutofautiana sana. Npm, hazina ya lugha ya JavaScript inayotumika hasa kujenga kurasa za intaneti, ina vifurushi zaidi ya milioni mbili. PyPI, hazina ya lugha ya Python, ina zaidi ya 500,000. Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1993, ulitoa toleo lake la 12 mwezi Juni 2023 likiwa na vifurushi zaidi ya 64,000. CRAN, hazina kuu ya lugha ya takwimu iitwayo R, ina zaidi ya 20,000. Bioconductor, ambayo nayo hutumia R lakini imejifunga kwenye data za vinasaba na baiolojia, ina vifurushi vya programu zaidi ya 2,000 tu.

Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba Npm ni tajiri mara elfu moja kuliko Bioconductor. Hitimisho hilo halifai, kwa sababu kinachohesabiwa si kitu kimoja. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja wa Npm aliviondoa vifurushi vyake vyote baada ya ugomvi juu ya jina. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Kwa kuwa vifurushi vingi vilikitegemea, vingine bila hata watumiaji wao kufahamu, kazi za wajenzi wa programu zilikwama duniani kote hadi kiliporudishwa. Mistari hiyo 11 ilihesabiwa kuwa kifurushi kimoja. Katika Bioconductor, kifurushi kimoja kama DESeq2, kinachopima tofauti za utendaji wa jeni kati ya makundi ya sampuli, kimebeba nadharia nzima ya takwimu pamoja na mwongozo mrefu wenye mifano inayojiendesha. Nacho kimehesabiwa kuwa kimoja. Debian, kwa upande wake, huweza kuigawa programu moja katika vifurushi vitatu au vinne: programu yenyewe, nyaraka zake, na sehemu za wajenzi. Kuzilinganisha hazina hizi kwa idadi ni sawa na kujumlisha vidonge na vitanda vya wodi katika safu moja ya daftari la bohari.

Liko pia suala la vilivyokufa. PyPI huacha mradi ukae ulipo hata kama mwandishi wake hajaugusa kwa miaka mingi. CRAN hufanya palizi: kifurushi kinachoshindwa majaribio, na mwandishi wake asikirekebishe baada ya kuarifiwa, huondolewa kwenye orodha na kuhifadhiwa kwenye makavazi. Kwa hiyo idadi ya CRAN ni ya vilivyo hai baada ya palizi, ilhali idadi ya PyPI ni ya wote waliowahi kusajiliwa na hawajaondolewa.

Nani anasimama mlangoni

Ukubwa wa hazina hueleza zaidi jinsi ilivyo rahisi kuingia kuliko ubora wa kilichomo. Katika PyPI mtu hufungua akaunti, huchagua jina ambalo halijachukuliwa na hupakia kazi yake. Hakuna binadamu anayeisoma kwanza. Faida ya utaratibu huo isibezwe: mtafiti wa Mwanza au Kampala huweza kuchapisha njia yake mpya jioni, na kesho yake ikatumika katika bara jingine, bila kuomba ruhusa ya ofisi yoyote.

Hasara yake ilionekana mwezi Desemba 2019. Katika PyPI kipo kifurushi halali kiitwacho jellyfish, kinachotambua maneno yanayokaribiana kwa herufi au kwa sauti. Wanaounganisha rejesta za wagonjwa huvihitaji vifurushi vya aina hiyo, kwani mgonjwa aliyeandikwa Mwanahamisi katika kliniki moja huandikwa Mwanahamis katika nyingine. Mtu mwenye nia mbaya alisajili jina ambalo herufi yake ya tatu ilikuwa I kubwa badala ya l ndogo. Kwenye skrini nyingi herufi hizo mbili ni kama mapacha. Aliyekosea jina alipata kifurushi kilichofanya kazi aliyoitarajia, na chini kwa chini kilitafuta funguo za siri za kuingilia kompyuta nyingine na kuzipeleka nje. Kifurushi hicho kilikaa kwenye hazina karibu mwaka mzima kabla ya kugunduliwa. Hakuna haja ya kueleza sana maana ya funguo hizo kwa kompyuta iliyounganishwa na seva yenye majina ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwezi Machi 2024 wasimamizi wa PyPI walilazimika kusimamisha kwa muda usajili wa watumiaji wapya, kwa sababu vifurushi vya hila vilikuwa vikipakiwa kwa wingi.

CRAN ilianzishwa mwaka 1997, na makao yake ni Vienna, Austria. Lugha ya R yenyewe ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Kila kifurushi kinachoomba kuingia CRAN hujengwa na kujaribiwa kwa mashine, na kipya hupitiwa pia na watu wachache wa kujitolea, ambao ukali wao umewafanya waandishi wengi kulalamika. Majaribio hurudiwa mara kwa mara katika mifumo mbalimbali ya uendeshaji, na mabadiliko ya kifurushi kimoja yakivunja vingine vinavyokitegemea, mwandishi huulizwa. Hata hivyo, msomaji asiupe ulinzi huu uzito usio wake. Mlinzi wa CRAN hukagua kama kifurushi kinajengeka, kama nyaraka zake zipo na kama mifano yake inajiendesha. Hathibitishi kwamba fomula ya kitabibu iliyomo ni sahihi. Kifurushi kinaweza kufaulu majaribio yote na bado kikakokotoa utendaji wa figo kwa mlinganyo uliopitwa na wakati.

Bioconductor ilianza mwaka 2001, na Robert Gentleman yuleyule alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Hapa kifurushi kipya hupitiwa na mkaguzi hadharani, maswali na majibu yakionekana kwa yeyote. Mwandishi hutakiwa kutoa mwongozo wenye mfano kamili, na kutumia maumbo ya data yanayokubaliana na vifurushi vingine vya hazina hiyo. Toleo jipya hutoka mara mbili kwa mwaka, nalo hufungamanishwa na toleo maalumu la R. Wanafunzi huliona sharti hilo kuwa kero wanapojaribu kuchanganya vya zamani na vipya. Kwa mtafiti anayetakiwa kurudia hesabu zake miaka mitatu baadaye, sharti hilo ni msaada mkubwa.

Debian ina mlango wa aina nyingine tena. Kila kifurushi kina msimamizi, na mabadiliko hupita hatua kabla ya kuingia toleo tulivu. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta moja kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, aligundua mlango wa siri uliofichwa katika xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi, kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani ya msimamizi wa asili. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian, lakini hayakuwa yamefika kwenye toleo tulivu. Mchezo wa subira wa Debian, unaochekwa na wapenda vipya, uliwaokoa wengi siku ile. Pamoja na hayo, isisahaulike kwamba kilichogunduliwa kiligunduliwa na jicho la mtu mmoja mdadisi.

Mwelekeo

Wafanyakazi wa afya walikwisha kuijua hoja hii katika dawa. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, zipatazo 200, wakati masoko ya dunia yalikuwa na bidhaa maelfu. Orodha fupi haikuwa upungufu. Ilikuwa kazi iliyofanywa na wengine kabla, ili mganga wa kituo cha vijijini asiachiwe peke yake kuchagua.

Hazina zenye mwelekeo hufanya kazi inayokaribia hiyo. Ndani ya Debian upo mradi wa Debian Med, ulioanzishwa mwaka 2002 na Andreas Tille, unaokusanya programu za tiba kwa makundi: baiolojia, picha za tiba, epidemiolojia, uendeshaji wa kliniki, meno. Anayetafuta programu ya kuhifadhi picha za mionzi hahitaji kupekua vifurushi 64,000. Katika kundi la picha atakutana na Orthanc, iliyozaliwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji. CRAN nayo, ingawa ni pana, ina miongozo ya mada iliyoandaliwa na wataalamu: uko wa epidemiolojia, wa majaribio ya kitabibu, na wa uchambuzi wa muda wa kuishi. Ni jambo la kusikitisha kwamba kozi nyingi za takwimu hazimtajii mwanafunzi miongozo hiyo, naye huishia kuchukua kifurushi cha kwanza alichokutana nacho.

Kwa wanaosoma jenomu, ipo Bioconda, ambayo mwaka 2018 ilikuwa na vifurushi zaidi ya 3,000 vya baiolojia vya lugha mbalimbali. Maabara kama ile ya Kilifi, Kenya, iliyosoma jenomu za virusi vya UVIKO-19, hufanya kazi ya aina ambayo kwa kawaida huhitaji mlolongo wa programu kadhaa, minimap2 na samtools zikiwa miongoni mwa zinazotumika sana. Thamani ya hazina ya namna hii ni kwamba programu hizo huja zikiwa na matoleo yanayopatana.

Mwelekeo mwembamba nao una gharama. Nje ya uwanja wake, hazina haina msaada. Anayetaka kuchambua mahudhurio ya kliniki ya wajawazito hatapata mengi katika Bioconductor, hata kama ulinzi wake ni mzuri kiasi gani.

Kurudi kwenye mizani

Mvulana wa kilo 7.5 anafaa kutumika kama kipimo cha yote yaliyotangulia. Katika CRAN kipo kifurushi kiitwacho anthro, kinachotumia viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Hutoa alama Z, yaani umbali wa kipimo cha mtoto kutoka katikati ya watoto wenye afya wa umri na jinsia yake. Hazinani vipo vifurushi vingine vya ukuaji. Childsds, kwa mfano, hubeba majedwali ya nchi mbalimbali, na anayekitumia hutakiwa kutaja jedwali analolitaka.

Uchaguzi wa jedwali si suala la ladha. Kabla ya 2006 nchi nyingi zilitumia marejeo yaliyotokana na watoto wa Marekani. Katika tamko lao la mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kwamba kuhamia viwango vipya kungeongeza mara mbili hadi nne idadi ya watoto wanaoangukia kwenye utapiamlo mkali kwa kigezo cha uzito kwa urefu. Watoto ni walewale na mizani ni ileile, lakini walio chini ya mstari wa kupewa chakula dawa wameongezeka. Kifurushi cha zamani chenye jedwali la zamani, kikivutwa kutoka hazina isiyopaliliwa, humwacha mtoto huyo nje ya hesabu bila kompyuta kutoa onyo lolote.

Hata ndani ya kifurushi sahihi kuna makosa ya aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kuliko ukubwa wa hazina yoyote. La kwanza hupiga kelele. Anthro huchukua umri kuwa ni wa siku, isipokuwa ikielezwa kwamba ni wa miezi. Karani akiandika 12 akimaanisha miezi, na asieleze hivyo, mvulana huhesabiwa kuwa na siku 12. Kilo 7.5 kwa mtoto wa siku 12 ni uzito wa ajabu, hivyo alama hupita +5 na kifurushi huiwekea alama ya kushukiwa.

La pili hunyamaza. Katika anthro jinsia 1 ni mvulana na 2 ni msichana. Tuseme rejesta ya kituo ilipanga kinyume. Mvulana sasa hupimwa kwa jedwali la wasichana, ambalo kwa miezi 12 huweka mpaka wa −2 kwenye kilo 7.0. Kilo zake 7.5 ziko juu ya mpaka. Jibu ni la kawaida, haliwekewi alama yoyote, na mtoto mwenye uzito pungufu amegeuka kuwa mzima. Mlinzi wa Vienna hawezi kuliona kosa hili, kwa sababu halimo katika kifurushi. Limo katika mkutano wa kifurushi na daftari.

Ndiyo maana kila kifurushi, kitoke hazina yoyote, kinastahili kupewa kwanza wagonjwa wachache ambao jibu lao limekwisha kuhesabiwa kwa mkono. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Kabla yake kuna mambo mepesi ya kutazama: jina lisomwe herufi kwa herufi kutoka ukurasa rasmi, si kutoka kumbukumbu, tarehe ya toleo la mwisho, nani anakisimamia na kama hujibu taarifa za makosa, vifurushi vingapi vingine hujivuta pamoja nacho, kwani kila kimoja ni mgeni mwingine anayeingia ndani. Kompyuta yenye majina ya wagonjwa isitumike kujaribia vifurushi vipya. Kisha taarifa iandike jina la kifurushi, namba ya toleo lake na toleo la R au Python lililotumika. Taarifa nyingi huandika tu kwamba uchambuzi ulifanywa kwa R. Hiyo ni sawa na kuandika kwenye cheti kwamba mgonjwa alipewa dawa.

Mgonjwa, au mzazi wa mtoto, hana sababu ya kujifunza majina ya hazina. Ana haki, hata hivyo, ya kuuliza mambo mawili anapoambiwa kwamba kompyuta imesema: kipimo hiki kimelinganishwa na watu gani, na je, jibu hili linaafikiana na kadi yangu? Mama anayeona nukta ya mwanawe chini ya mstari kwenye kadi, huku karatasi iliyochapishwa ikisema hana tatizo, asione haya kuirudisha karatasi hiyo dirishani. Mtoa huduma anayeulizwa hivyo aichukue kuwa taarifa ya kosa linalowezekana, na aangalie kwanza safu ya jinsia na safu ya umri.

Zoezi. Msichana wa miezi 12 ana kilo 6.5. Kwa wasichana wa umri huo mpaka wa −2 ni kilo 7.0 na wa −3 ni kilo 6.3, mipaka ya wavulana imetajwa mwanzoni mwa somo. Andika kwenye karatasi kundi lake la uzito kwa umri kabla ya kuwasha kompyuta. Ingiza taarifa zake katika kifurushi kinachotumika kituoni kwako, kisha rudia ukiwa umebadilisha jinsia peke yake, na mara ya tatu ukiwa umebadilisha umri peke yake kuwa siku 12. Eleza ni lipi kati ya makosa hayo mawili ambalo kifurushi chako kilikuonya, na ni mtoto yupi angepelekwa kwenye matibabu asiyoyahitaji.